"Mama, Lugalo ni nani?" Mwongozo wa kumlea mtoto katika uzalendo kupitia mashujaa wetu

Daladala ya Mwenge–Tegeta ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Konda akagonga bati: "Lugalo wapo?" Sauti mbili zikaitikia kutoka nyuma, "Shusha!" Mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, alikuwa amekaa magotini kwangu na pua yake kwenye kioo. Akageuka akaniuliza, "Mama, Lugalo ni nani?" Kabla sijafungua mdomo, mzee aliyesimama karibu nasi akamjibu kwa upole, "Ni hospitali ya jeshi, mjukuu wangu."

Mzee hakukosea, na mtoto aliridhika. Mimi ndiye niliyekosa raha njia nzima. Ni mwalimu wa shule ya msingi na nimezaliwa Iringa. Kwetu Lugalo ni mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivunja jeshi la Mjerumani. Jina hilo mwanangu alilisikia kila siku akienda shule, na hakuna aliyekuwa amemwambia limetoka wapi.

Tangu siku ile nimejaribu mambo mengi, nyumbani na darasani. Mengine yalikufa siku hiyohiyo, mengine yamedumu. Niliyoyaandika hapa ni yale yaliyodumu, kwa ajili ya mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka mtoto aipende nchi yake kwa kuwafahamu watu walioisimamia. Ninaamini mtoto haipendi nchi kwa kuambiwa aipende. Huipenda anapomjua Mkwawa, mtawala wa Wahehe, au Bibi Titi, mwanamke aliyepigania uhuru, kama anavyomjua babu yake: alikaa wapi, alitaka nini, aliogopa nini, na ilipofika saa ya kuamua aliamua nini.

Vifaa ni vichache: daftari moja la kurasa 96, ramani ya Tanzania na simu yenye kinasa sauti. Lililobaki ni muda wako.

Hatua ya kwanza: anzeni na majina mnayopita kila siku

Usianze na kitabu. Anza na njia ya kwenda sokoni. Dar es Salaam peke yake ina Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Mtaa wa Samora, Barabara ya Nkrumah na Mtaa wa Lumumba. Songea ni jina la mtu, Songea Mbano, nduna (kiongozi wa kivita) wa Wangoni. Iringa inatokana na neno la Kihehe *lilinga*, yaani ngome. Mwambie mtoto hivyo mkiwa mmesimama chini ya kibao chenyewe, maana neno lililosemwa mahali pake hukaa kichwani.

Mkirudi nyumbani, toa noti ya shilingi 1,000 na sarafu ya 500. Muulize ni nani hao. Wa kwanza ni Mwalimu Nyerere, wa pili ni Mzee Karume. Kisha tafuteni Nembo ya Taifa, muipitie polepole: mwanamume na mwanamke, pembe za ndovu, Mlima Kilimanjaro, karafuu na pamba, mwenge, na yale maneno "Uhuru na Umoja". Mwambie aweke kidole kwenye pamba. Tutairudia.

Kwenye daftari aandike jina moja kila siku na mahali alipoliona. Usimweleze yote siku hiyo. Mwache akae na hamu.

Hatua ya pili: shujaa mmoja kwa wakati, na aanze wa kwenu

Kosa ninaloliona sana ni kumwaga majina kumi kwa pamoja. Mtoto anayakariri kwa ajili ya mtihani, na likizo ikiisha yamekwenda. Chagua mmoja, mkae naye mwezi au hata miezi miwili.

Anzeni na aliye karibu na mnapoishi au mnapotoka. Mkiwa Pangani yupo Abushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani hapohapo Desemba 1889. Kilwa Kivinje yupo Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa 1895, na mahali penyewe hadi leo panaitwa Mwembekinyonga. Old Moshi yupo Mangi Meli, aliyenyongwa Machi 1900. Rufiji na Kilwa mna Kinjikitile Ngwale. Dar es Salaam anzeni na Bibi Titi, mkiwa Mara nendeni Butiama.

Kalenda itakusaidia kuchagua msimu: 27 Februari ni kumbukumbu ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani kule Songea, 7 Julai ndiyo siku TANU, chama kilichodai uhuru, kilipozaliwa mwaka 1954, 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu, 9 Desemba ni Uhuru. Anza wiki tatu kabla, ili siku yenyewe ikifika mtoto ajue kwa nini bendera inapandishwa.

Na ujisomee wewe kwanza. Mtoto wa miaka tisa anatambua upesi sana kwamba mama anabahatisha.

Hatua ya tatu: simulia, na usimame pale penye uamuzi

Wazee wetu walitupa njia tayari: paukwa, pakawa. Nilimsimulia mwanangu Lugalo hivi, umeme umekatika, yeye na dada yake wamekaa mkekani.

Paukwa! Pakawa! Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, ni zamani za bibi wa bibi yenu, palikuwa na mtawala Uheheni. Jina lake Mkwavinyika mwana wa Munyigumba, na watu walimwita Mkwawa. Siku moja akaletewa habari: Mjerumani yuko njiani. Anayewaongoza ni Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Ana mamia ya askari wenye bunduki, ana mizinga imepakiwa juu ya punda. Watu wa Mkwawa ni wengi, lakini silaha yao kubwa ni mkuki. Sasa, ungekuwa wewe Mkwawa, ungefanyaje?

Hapo nikanyamaza. Ukijifunza jambo moja tu katika mwongozo huu, liwe hili: nyamaza hapo. Mwanangu alisema angekimbia. Dada yake akafikiri, akasema, "Ningejificha mpaka wafike karibu, kwa sababu bunduki inapiga mbali lakini mkuki haufiki." Mtoto wa miaka kumi, mkekani, gizani, alikuwa ameufikia mpango wa Lugalo peke yake. Ndivyo walivyofanya. Wahehe walijificha vichakani kando ya njia, wakawaacha wageni waingie katikati, ukasikika mlio mmoja wa risasi kama ishara, wakainuka. Mizinga haikupata nafasi ya kushushwa kwenye migongo ya punda. Ndani ya dakika chache Nyundo alikuwa amekufa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Sema pia gharama. Wahehe nao walipoteza mamia ya watu siku ile. Mtoto akisikia ushindi bila makaburi atadhani vita ni mchezo.

Umri una maana hapa. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, ishie Lugalo. Wa miaka saba hadi tisa anaweza kusikia jinsi ngome ya Kalenga ilivyoanguka mwishoni mwa Oktoba 1894, na jinsi Mkwawa alivyoendelea kupigana porini karibu miaka minne, wenyeji wakimlisha na kumficha ingawa Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Mwisho wake, tarehe 19 Julai 1898 pale Mlambalasi, mweke akiba kwa aliyetimiza miaka kumi. Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe. Sema hivyo kwa maneno machache ya ukweli, usikipambe kitendo hicho na usikifanye kuwa ndicho kipimo cha ushujaa. Cha kusifia ni ile miaka saba tangu Lugalo, na watu waliokataa zawadi wakiwa na njaa.

Hatua ya nne: Majimaji, na kicheko cha darasani

Kila mwaka nikifika kwenye Majimaji, yupo mtoto atakayecheka. "Yaani waliamini risasi itageuka maji?" Wenzake wanacheka naye. Zamani nilikuwa nikiwanyamazisha. Siku hizi nakubali kicheko kiishe, kisha nawagawia maharage.

Ninaleta kilo mbili za maharage yenye takataka. Darasa zima linachambua dakika ishirini, hakuna kuongea, hakuna kuinuka. Wakimaliza nawapa "malipo": pipi moja kwa kila kundi la watoto kumi. Utasikia kelele. "Mwalimu, siyo haki!" Mwaka juzi binti mmoja mpole, ambaye hajawahi kuniinulia sauti, aliisukuma pipi mezani kwangu akasema, "Bora usitupe kabisa."

Hapo ndipo ninapoeleza. Kuanzia 1902 serikali ya Kijerumani ililazimisha watu wa kusini na pwani kulima pamba katika mashamba ya pamoja, akida na jumbe wakisimamia kwa kiboko, huku mashamba yao ya chakula yakiota majani. Katika wilaya ya Dar es Salaam malipo ya msimu wa kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu, na wako waliokataa kuzipokea. Namtazama yule binti. Kisha nasema: Julai 1905, kijiji cha Nandete, katika milima ya Matumbi, watu waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba. Vita vilianza kwa kung'oa mmea. Watoto wanarudi wenyewe kwenye Nembo ya Taifa, wanaitazama ile pamba kwa jicho jingine. (Pipi za wote huwa ninazo mkobani, nazigawa mwishoni. Usisahau sehemu hiyo.)

Sasa maji. Tandika ramani, watoto waweke punje ya maharage kwa kila watu waliosimama: Wamatumbi, Wangindo, Wazaramo, Wapogoro, Wamwera, Wangoni, Wabena na wengine. Uliza: hawa hawana simu, hawana mtawala mmoja, na wengine walikuwa maadui wa jana. Utawaunganishaje? Acha wahangaike. Baadaye waambie kwamba Kinjikitile, kule Ngarambe, aliwapa kitu kimoja, maji ya dawa yaliyoaminika kukinga risasi, ambacho kila mmoja angeweza kukipokea na kukipeleka kwa jirani. Dawa ile ilisafiri kutoka kijiji hadi kijiji, na pamoja nayo ahadi kwamba hatutapigana peke yetu tena. Ukieleza hivyo, kicheko hakirudi.

Usiruke mwisho. Kinjikitile alinyongwa mapema, Agosti 1905. Tarehe 30 Agosti, pale boma la Mahenge, watu waliikabili bunduki ya rashasha uwanjani, na maji hayakuwakinga. Wajerumani wakachoma vyakula na mashamba, njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya watafiti yanafika watu 250,000 hadi 300,000. Tarehe 27 Februari 1906, Songea, walinyongwa viongozi 67 wa Wangoni na kuzikwa katika kaburi moja. Songea Mbano mwenyewe alinyongwa siku chache baadaye.

Kwa watoto wa darasa la tano kwenda juu, unganisha na TANU. Mwalimu Nyerere aliizungumzia Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alipokuwa akidai uhuru kwa hoja na si kwa mkuki. Yeye alikuwa ameacha kazi ya kufundisha pale Pugu mwaka mmoja kabla. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa uimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba, alipita kwa wanawake wa vikundi vya ngoma, wapishi wa pombe na mama lishe wa mjini, akawaingiza chamani kwa maelfu. Watoto wa kike hunyanyua kichwa hapo. Walikuwa wamezoea shujaa mwenye mkuki, sasa wanamwona mwenye sauti.

Hatua ya tano: usifiche magumu

Mtoto mwerevu atauliza: "Hao askari wa Mjerumani walikuwa Wazungu wote?" Hapana. Wengi walikuwa Waafrika, wengine kutoka Sudan, wengine wa hapahapa. Wahehe walioshinda Lugalo ndio waliokuja kuwasaidia Wajerumani wakati wa Majimaji. Mimi ni Mhehe na ninasema hivyo darasani. Kabla ya hapo Wahehe na Wangoni walipigana wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1878 hadi 1882, na leo ni watani. Ukienda kwenye msiba Iringa utamkuta Mngoni amelala mbele ya jeneza akidai pesa ndipo lipite, na waombolezaji wanacheka katikati ya machozi. Hilo nalo ni somo la uzalendo, pengine kubwa kuliko vita: watu waliochinjana wakageuza damu kuwa utani.

Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa 1972, na baadaye jina lake likawekwa kwenye barabara kubwa jijini. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kubeba habari hiyo. Mweleze kwamba watu waliopigania jambo moja wanaweza kugombana baadaye, na taifa likarudi kuwaheshimu wote.

Mambo mawili yakemee mapema. Kwanza, kujigamba kwa kabila: "Sisi Wahehe ndio mashujaa." Kila anayesema hivyo mpe kazi ya kutafuta shujaa wa watu wengine na kumsimulia mbele ya wenzake. Pili, chuki kwa Wajerumani wa leo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha. Waonyeshe watoto picha zake, mjadili pamoja: msamaha ukiombwa, kinafuata nini?

Hatua ya sita: mpeleke kwa mzee

Mtu aliyezaliwa 1951 alikuwa na miaka kumi bendera ilipopandishwa. Hawa wazee bado tunao, lakini si kwa muda mrefu.

Maswali makubwa hayaleti kitu. Ukimuuliza mzee "Uhuru ulikuwaje?" atajibu "Ulikuwa mzuri." Mfundishe mtoto kuuliza madogo: Usiku ule ulilala wapi? Mlikula nini? Nani alikuletea habari? Ulivaa nini shuleni Jumatatu? Nani pale kijijini alikuwa na kadi ya TANU, na aliificha wapi? Mwanangu alimuuliza hili la mwisho babu wa jirani. Mzee akanyamaza kidogo, akasema mama yake aliificha ndani ya kibuyu cha mbegu. Kinasa sauti kiliikamata ile kimya na kicheko kilichofuata.

Mtoto aamkie vizuri, apeleke hata sukari kilo moja, aombe ruhusa kabla ya kurekodi. Asimkatize mzee, hata akitoka nje ya swali, maana mara nyingi huko nje ndiko kwenyewe.

Hatua ya saba: safari moja kwa mwaka

Kama mfuko unaruhusu, nendeni mahali penyewe. Makumbusho ya Majimaji yako Songea mjini, na ukiwa pale unasimama kando ya kaburi la halaiki. Dar es Salaam kuna nyumba ya Mwalimu Magomeni. Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha.

Kalenga kuna fuvu la Mkwawa ndani ya kasha la kioo. Mwandae mtoto siku moja kabla: atakiona kichwa cha mtu, na kichwa hicho kilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kikarudishwa kutoka Ujerumani tarehe 19 Juni 1954. Siku tuliyokwenda, mwanangu hakuuliza lolote. Alivua kofia bila kuambiwa, akasogea karibu na kioo, akasimama. Nilimwacha. Picha piga nje.

Darasa lisiloweza kusafiri lifanye igizo la mkutano wa wazee usiku wa kuamkia Lugalo. Msinunue mavazi, khanga na fito zinatosha.

Hatua ya nane: mikono nayo ifanye kazi

Tarehe 25 Julai, badala ya kutazama gwaride kwenye televisheni tu, sisi tunafagia kaburi la babu na makaburi ya majirani wasio na watu. Shuleni kila darasa lina mti wenye jina la shujaa, na zamu ya kuumwagilia imeandikwa ukutani. Mti wa Bibi Titi ulikauka Oktoba ya kwanza. Watoto walipanda mwingine wenyewe.

Ukurasa wa mwisho wa daftari

Utaulizwa usiyoyajua. Usibuni. Mwambie mtoto aandike swali kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, mlibebe mtakapokwenda kwa mzee au kwa mhifadhi wa makumbusho, na likijibiwa alichore mstari.

Daftari la mwanangu lina maswali kumi na manne, kumi na moja yana mstari. Mojawapo ya yaliyobaki aliliandika tuliposoma kwamba kichwa cha Songea Mbano nacho kinaaminika kuwa kilipelekwa Ujerumani. Kwa mwandiko wake wa darasa la tatu ameandika: "Kichwa cha Songea kiko wapi, na nani amekwenda kukifuata?"